Dumu Lenye Kitambaa Chekundu

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani mama huyu aliitwa Hakimu, na hata mwanawe wa kumzaa alimwita hivyo alipotaka kumtania. Hakusomea sheria, alisomea foleni. Bomba la mtaa lilitoa maji Jumanne na Ijumaa, kuanzia alfajiri mpaka saa nne hivi, na miaka kumi na moja nyuma, baada ya wanawake wawili kuchaniana nguo kwa ajili ya ndoo moja, majirani walimwomba yeye asimamie pale, maana alikuwa na sauti na hakumwonea mtu haya.

Kila dumu lilikuwa na alama yake. Hili limefungwa kamba ya kiatu, lile limepakwa rangi, jingine lina shingo iliyoungua. Hakimu alizijua alama hizo kuliko sura za wenyewe. Sheria yake ilikuwa moja: zamu ikifika na mwenyewe hayupo, dumu linasogezwa mwisho. Ukali? Huenda. Lakini maji hayakutosha, na kulikuwa na watu waliopanga dumu tangu jana wakaenda zao, wengine wakipanga hata mawe. Aliyesimama na jua usoni alistahili kulitangulia jiwe.

Jumanne moja msusi wa pale kona, mwanamke ambaye ulimi wake ulikwenda kasi kuliko vidole, alisema kwa sauti ya kusikika, "Nyumbani kwa Hakimu hakukauki hata siku moja. Mchovya asali hachovyi mara moja."

Watu walicheka. Hakimu naye alicheka, lakini yalimchoma, akalala nayo siku tatu.

Ijumaa mkwe wake alikuja na dumu la nyumbani, lenye kitambaa chekundu kwenye kishikio. Hakimu mwenyewe ndiye aliyekifunga kitambaa hicho, siku binti huyo alipoolewa na mwanawe. Nyumba ilikuwa na dumu hilo moja, na mwanawe alikuwa mbali kwenye kazi za ujenzi. Zamu ilipokaribia, jirani alikuja kusema kwamba mjukuu wa Hakimu ameamka na analia.

"Mama, nakwenda kumnyonyesha mara moja, narudi sasa hivi," mkwe alisema.

Hakimu alimwitikia kwa kichwa. Aliitikia, jambo ambalo baadaye hakuweza kulikana hata moyoni mwake.

Zamu ikafika. Msusi akajikohoza kidogo, kikohozi cha mtu asiye na mafua. Watu wote walimtazama Hakimu, naye akalisukuma dumu lenye kitambaa chekundu kwa mguu wake mwenyewe mpaka mwisho wa mstari.

"Sheria ni msumeno," alisema. "Hukata mbele na nyuma."

Walimsifu, na sifa zikamnogea. Mkwe aliporudi alilitafuta dumu, akaliona lilipo, akaenda kusimama kando yake. Maji yalikatika wakiwa wamebaki watu watatu mbele yake. Alichukua dumu akaenda kwenye shimo lililo kando ya mtaro, akachota, akachuja kwa kitambaa safi. Mkaa uliobaki ulitosha kupikia uji tu. Maji ya kunywa hayakuchemshwa.

Jumapili mtoto alianza kuhara na kutapika. Kufikia jioni alikuwa analia bila machozi. Kwenye zahanati muuguzi alimfinya ngozi ya tumbo, na ule mkunjo ukabaki umesimama.

"Maji mnayompa yanatoka wapi?" aliuliza.

Hakimu aliinamisha kichwa akisubiri kutajwa. Aliona afadhali atajwe yaishe.

"Shimo la mtaroni," mkwe alijibu. "Bomba lilinipita."

Bomba, alisema. Hakumtaja mtu. Hakimu alitoka nje akajishikiza ukutani, akalia.

Walikaa siku nne, dripu mkononi, kisha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Alhamisi waliruhusiwa. Muuguzi aliwaambia, "Maji ya bomba tu, na yachemshwe. Akirudia, huyu hana nguvu ya kupigana tena."

Ijumaa alfajiri Hakimu alilibeba dumu mwenyewe akapanga foleni wa tisa. Alipolijaza aliliweka kando, akarudi kusimamia wengine. Kama saa tatu na nusu zamu ilifika kwa dumu lililofungwa kitana kibovu. Lilikuwa la msusi, na msusi hakuwepo.

"Sogeza," mtu alisema.

"Mwenyewe yuko wapi?" Hakimu aliuliza. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuuliza hivyo.

"Mama yake kaanguka bafuni. Amekimbilia huko."

Hakimu aliliweka dumu la msusi chini ya bomba akalijaza mpaka shingoni. Minong'ono ikapita. Hakujali, aliona amelipa kitu, japo si chote.

Wa mwisho alikuwa mama muuza mkaa. Alipoweka dumu lake, bomba lilikoroma, likatema upepo, likanyamaza. Mama yule alijifuta mikono myeusi kwenye nguo.

"Hakimu," alisema taratibu, "mimi nilikuwepo. Tangu alfajiri sijabanduka."

Ilikuwa kweli. Hakimu alivuta dumu lenye kitambaa chekundu, akamimina nusu kwenye lile la muuza mkaa, wala hakuna aliyemsifu.

Nyumbani mkwe aliliinua dumu, akalitikisa, akamtazama.

"Mama, leo nani alikuwa hakimu?"

"Hakuna."

Mkwe aliyapima maji ya mtoto ya kumfikisha Jumanne, akayabandika jikoni kidogo kidogo. Yaliyobaki hayakujaza hata sufuria ya chai, na wao walikuwa wawili.

"Sisi tutakunywa ya mtaroni," mkwe alisema. "Nitakwenda kuchota."

"Wewe unanyonyesha, kunywa hayo yaliyobaki," Hakimu alimwambia. Alichukua ndoo, akashika njia ya mtaroni peke yake. Kule hakukuwa na foleni.