Fundo la Kuhama Halikupangwa: Mwamba Ngozi wa Singida Anayemngoja Mume Aliyeko Aden

SINGIDA, Septemba 1974

Saa moja asubuhi. Harufu ya banda la ngozi inampokea mgeni kabla hajaliona banda lenyewe. Ndani, Luciana Ntandu ameinama mbele ya fremu ya miti, anaiwamba ngozi ya mbuzi iliyochunwa jana. Anatoboa ukingo, anapitisha kamba, anavuta, anafunga, kisha anahamia upande wa pili. Nzi hawamsumbui, au labda wameshazoeana.

"Ngozi inavutwa ikiwa mbichi," anasema bila kugeuka. "Ukiiacha ikauke imejikunja, hata uilambe hainyooki tena."

Akimaliza fremu sita anakwenda nyuma ya banda, zilikopangwa ngozi kavu zilizofungwa robota tayari kwa lori. Anachukua shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na kamba ya katani. Anashona kona ya robota mpaka mwisho. Kamba inapotakiwa kukatwa, yeye anapiga kwanza fundo moja dogo, analikaza kwa meno, ndipo anakata. Robota la pili, vivyo hivyo.

Mwandishi alipouliza fundo hilo ni la nini, kina mama wa bandani waliangua kicheko.

"Hiyo ni barua," alijibu mwenzake, Yustina. "Anamwandikia mume wake. Wewe hujaona barua inayonuka hivyo?"

Luciana alicheka pia, lakini hakukanusha.

Ana miaka thelathini na tisa na ni mwenyeji wa Unyambwa, pembeni mwa mji. Ni kibarua, anapata shilingi sita kwa siku, na siku isiyo na ngozi haina mshahara. Mume wake ni Awadhi bin Salmini, Mshihiri aliyefika Singida mwaka 1956 akiwa kijana, akafunga marobota katika banda hili hili lilipokuwa mali ya mfanyabiashara Mwarabu. Siku hizi banda ni la shirika la umma. Awadhi ndiye aliyemfundisha Luciana kushika shazia. Walioana mwaka 1960, Mwislamu na binti wa Kikristo. Ukoo wa bibi harusi ulinuna miezi mitatu, kisha ukaja kula.

Mwaka 1965 ilifika habari kuwa mama yake Awadhi anaumwa huko Shihiri, ng'ambo ya bahari, kusini mwa Arabuni. Awadhi aliaga kwa miezi sita. Mtoto wao, Muzna, alikuwa ndiyo kwanza anasimama dede.

"Aliniambia akishamwuguza mama atapita bandari ya Aden afanye kazi apate nauli ya kurudi," anasimulia Luciana. "Ngozi zetu wakati ule zilikuwa zinakwenda Aden, zinafunguliwa kule, zinachambuliwa, ndipo zinauzwa mbele. Akasema, 'Nitatafuta kazi ghala la ngozi. Robota la Singida nalijua hata nikiwa nimefumba macho.'"

Luciana hajui kusoma. Kwa hiyo usiku wa kuamkia safari walikaa jikoni na kipande cha kamba, wakapatana. Fundo moja: tuko salama. Mawili: mtoto anaumwa. Matatu: rudi, hali ni mbaya.

Mtu anaweza kudhani ni mchezo wa wapenzi. Lakini mwezi wa nane mwaka 1966 ilifika barua, imepitia mikononi mwa wasafiri watatu, imeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwalimu wa chuo cha Kurani pale mjini aliisoma kwa sauti, na Luciana ameihifadhi kichwani neno kwa neno: "Fundo lako nimeliona. Limenifikia robota la nne la mwezi wa Mei. Nimelikata na kulitia mfukoni, wenzangu wananicheka."

Anaposema maneno hayo anaacha kazi. Mikono inalala juu ya ngozi.

Barua ya pili, ya mwanzoni mwa 1967, ilikuwa fupi. Mama yake Awadhi alikuwa ameshafariki. Aden kulikuwa kunachemka. Wafanyakazi wa bandari walikuwa wamegoma, vijana wamejaa barabarani, Waingereza wanapiga doria na mabomu yanalipuka sokoni. "Nami nimo," aliandika Awadhi. "Wakiondoka hawa, njia itafunguka, nami nitakuja."

Haijafika barua nyingine tangu hapo.

Habari zilizofuata Luciana alizipata dukani kwa Prabhudas, katikati ya mji, ambako redio huwekwa dirishani. Prabhudas ni Mhindu asiyekula nyama wala kugusa ngozi, na tangu zamani wamepatana kwamba Luciana akitoka kazini atasikiliza akiwa ngazi ya chini, upande upepo unakoelekea.

"Mimi nampenda sana Mama Muzna," anasema mzee huyo akifuta miwani, "lakini pua yangu haimpendi."

Ni hapo ngazini Luciana aliposikia, mwisho wa Novemba 1967, kwamba Waingereza wameondoka na Aden ni huru. Akapiga kigelegele peke yake barabarani. Kesho yake alichinja jogoo wawili, akapika ugali wa mtama na sufuria mbili za togwa, akaita majirani. Walipomuuliza sherehe ya nini, aliwajibu: uhuru wa Aden. Huenda nyumba hiyo ya tembe ya Unyambwa ndiyo pekee mkoani iliyousherehekea.

"Nilidhani uhuru wa kule ni kama wetu," anasema. "Hapa bendera ilishuka, nyingine ikapanda, asubuhi watu wakaenda shamba. Nikasema basi, mwezi mmoja atakuwa hapa. Nikafua hata kanzu yake."

Kosa hilo si la kumcheka mtu. Wangapi mwaka ule walijua kwamba milango inaweza kuvunjwa na bado njia ikafungwa? Miezi mitano kabla ya uhuru huo, vita vya Waarabu na Israeli vilikuwa vimeufunga mfereji wa Suezi. Meli zilizokuwa zikitia nanga Aden zikaanza kuzunguka kusini mwa Afrika, na bandari iliyolisha maelfu ikabaki na kunguru. Masultani wa Shihiri na kwingineko waliangushwa. Watawala wapya nao wakagawanyika, wakataifisha makampuni, na sasa si jambo jepesi raia kuondoka nchini humo. Wanyonge waliosimama barabarani walipata nchi. Kazi ya bandarini, walioigomea ili iwe bora, wengi hawakuiona tena.

Kuhusu Awadhi, hakuna anayejua. Msafiri mmoja alisema alimwona Mukala, bandari iliyo karibu na Shihiri, akiuza maji. Mwingine alisema vijana wa ghala la ngozi wengi walikufa. Luciana aliwapa wote wawili chai, akamwamini wa kwanza.

Mwaka 1969 karani wa bandani alimwambia waziwazi: ngozi haziendi tena Aden. Zinakwenda Ulaya moja kwa moja, au viwandani humu humu nchini.

"Najua," anasema Luciana. "Mimi si mjinga. Lakini nisipopiga fundo siku nzima mikono inaniuma. Watu wanasema mwamba ngozi huvutia kwake. Mimi navuta mwaka wa tisa huu, haijafika."

Kisha anasema jambo lililomleta mwandishi banda hili mara ya pili na ya tatu. Mwaka huu Unyambwa yao inahamishwa. Familia zilizotawanyika mashambani zinapelekwa kijiji kipya kilichopimwa barabara ya Ilongero, ambako serikali imeahidi shule, kisima na zahanati. Kabla ya mvua, tembe zote za zamani zitabomolewa. Luciana hapingi. Muzna ana miaka kumi na anatembea saa mbili kwenda shule, na huko shule itakuwa jirani.

"Lakini fundo la kuhama hatukulipanga," anasema. "Usiku ule tulifikiria ugonjwa, tulifikiria njaa. Kuhama hatukufikiria. Mtu ahame Unyambwa aende wapi? Sasa akija? Atakuta magofu. Atamuuliza nani, na wote tumehama?"

Mwezi uliopita alijaribu mafundo manne. Akakaa akiyatazama, akayafungua. Mume angeona manne angeelewa nini?

Jambo lilikuwa gumu zaidi siku ya kuandikisha kaya. Melkiori, balozi wa nyumba kumi, mtu mpole ambaye pia ni ndugu wa mama yake Luciana, alikaa na daftari chini ya paa la godauni.

"Mkuu wa kaya?" aliuliza.

"Awadhi bin Salmini."

"Mwanangu, nikiandika mjane utapewa kiwanja leo, na vijana wa kukujengea. Kina mama wajane wanatangulizwa. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Mjomba, shikamoo yako naiheshimu," alijibu Luciana mbele ya watu. "Lakini mimi sijafiwa. Umesikia matanga kwangu? Uliniona nimekaa eda? Andika yuko safarini."

"Miaka tisa?"

"Safari nyingine ni ndefu."

Foleni ilinung'unika. Melkiori anakiri kwamba alikasirika, kisha akaona aibu, maana mwenyewe alikula jogoo wa uhuru ule. Aliandika: mkuu wa kaya, Awadhi; hali, safarini. Luciana akarudishwa mwisho wa orodha, na tembe yake mpya ataijenga kwa mikono yake na ya Muzna.

Kutoka kijiji kipya hadi bandani ni mwendo wa nusu siku kwa miguu. Amepanga kulala kwa shangazi yake Utemini, mjini, Jumatatu hadi Ijumaa, na Muzna atabaki na jirani. Wiki iliyopita redio ya Prabhudas ilitangaza kwamba mfereji wa Suezi unazibuliwa, mabomu yanatolewa chini ya maji, na huenda mwakani meli zikapita. Luciana aliirudia habari hiyo kwa mwandishi mara mbili, asije akaikosea.

"Meli zikipita zitasimama Aden. Zikisimama, kutakuwa na kazi. Mwenye kazi anapata nauli," anasema. "Mzee Prabhudas anasema nisihesabu. Mimi sihesabu. Nasema tu."

Kwa kuwa wa mwisho kwenye orodha, alidhani atapewa kiwanja cha bondeni. Kumbe viwanja vya kando ya barabara ndivyo vilivyobaki, watu wamevikimbia kwa sababu ya vumbi la malori. Alichukua kimoja kwa mikono miwili.

Mwandishi alipofunga daftari lake, Luciana alimshika mkono wa shati.

"Gazeti lako linafika Arabuni?"

Mwandishi alitikisa kichwa. Luciana alimtazama, akaelewa.

"Basi, hata likifika Dar es Salaam. Washihiri wako wengi kule, wanasomeana. Andika hivi. Ukitoka mjini Singida, barabara ya Ilongero, mkono wa kulia, nyumba ya tatu. Mtoto anajua jina la baba yake. Andika na hili usilisahau: Luciana amehama kwa sababu serikali imesema tuhame. Hakuhama kwa sababu ya mwanamume mwingine."