Udongo wa Mlangoni

Kazi yangu melini ilikuwa kusafisha viatu vya matajiri. Nyumbani Geita nilisema niko kitengo cha ulinzi wa mazingira, na majirani zetu wa Kalangalala wakatikisa vichwa kwa heshima. Ukweli ni kwamba nilishinda kwenye chumba kisicho na dirisha, chini kabisa ya meli, na brashi, ndoo ya dawa na kibano, nikichokonoa mbegu za nyasi kwenye soli za watu waliolipa pesa ya kujengea ghorofa ili wakaone barafu ya Antaktika.

Sheria ya kule ni kali. Hushuki nchi kavu na chembe ya udongo wala mbegu ya kwenu, na ukirudi hubebi hata kijiwe cha kwao. Kila mtu hukaguliwa mpaka mifukoni. Mimi nilikuwa mkali kuliko walioitunga. Mzee mmoja nilimrudisha mara tatu kwa sababu ya unyasi kwenye soksi, akanishukuru kila mara, kisha akaenda zake kwenye boti za mpira, ambako wenzake walikuwa wakimiminiwa mvinyo katikati ya barafu. Nilifurahia kumrudisha. Siku nzima mtu anakupita kama vile wewe ni ukuta, halafu kwa dakika mbili anakuonyesha nyayo.

Na wakati wote huo nilikuwa nimeficha udongo chini ya godoro langu.

Alinipa mama. Mama ni mwosha mchanga wa dhahabu. Amezeeka mwaloni, pale wanapooshea mchanga, miguu kwenye maji na karai mkononi. Ana desturi aliyoikuta kwa mama yake: mtu akienda ugenini huchukua udongo wa mlangoni kwao, akautie kidogo kwenye ardhi ya watu, na akirudi alete wa huko umwagwe mlangoni. Ardhi zijuane, mtu asipotee. Siku ya kuondoka alifunga udongo kwenye kipande cha khanga yake, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Ng'wana wane," aliniambia, yaani mwanangu, "usije ukarudi mikono mitupu."

Nikaitikia. Wakati huo sheria sikuijua. Nilipoijua ningeweza kuumwaga baharini na kumpigia simu nimweleze. Sikufanya hivyo. Nilijiambia udongo wa kujaa kijiko hauwezi kuharibu bara zima.

Mtu mmoja tu alijua. Alikuwa Mfilipino wa makamo wa chumba cha kufulia, jirani yangu wa mezani. Jioni moja nilimwonyesha fundo lile nikamsimulia habari za mama. Naye akanionyesha picha ya binti yake. Huo ulikuwa msimu wake wa nne kuja kule, na hakuwahi kukanyaga nchi kavu hata mara moja. Binti alikuwa amewaambia wenzake shuleni kwamba baba yake anaishi na pengwini, wenzake wakamcheka, wakataka picha. Baba mtu alikuwa na picha za mashine za kufulia.

Siku moja kabla meli haijageuka kurudi kaskazini tulitangaziwa kwamba wafanyakazi saba wa chini watashushwa kwa dakika ishirini. Jina langu lilikuwemo. Na lake pia. Asubuhi yake alinyoa ndevu, akachana nywele kwa maji kama anayekwenda kubatizwa. Nilimtania kwamba pengwini watamposa.

Makoti mazito ya wafanyakazi hayakuwa ya mtu; tulikuwa tukiyapokezana. Nilichagua moja mapema asubuhi ile, nikatia fundo kwenye mfuko wa ndani, nikalitundika pamoja na mengine kwenye kigingi, mle mle kwenye chumba changu cha ukaguzi. Nani angemkagua mkaguzi? Lakini siku hiyo kiongozi wa misafara, mama mmoja mwanasayansi, mwembamba na mpole, alishuka kutukagua mwenyewe. Alianzia kwenye makoti. Alipofika kwenye langu akatoa kile kitambaa, akakifungua, udongo mwekundu wa Geita ukamwagikia kiganja chake.

Akauliza nani alilivaa koti hili.

Tulikuwa saba tumejipanga. Nilijua nikisema ni langu nitapoteza ile safari, na huenda na kazi, maana mlinzi ndiye mwizi. Nikamwelekezea kidole yule Mfilipino.

"Yeye ndiye aliyelivaa jana," nikasema.

Na ilikuwa kweli. Jana yake alilivaa akibeba mizigo juu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba hata kudanganya sikudanganya. Nilichagua tu neno la kweli litakalomwangusha.

Alikitazama kitambaa, akanitazama mimi. Nilidhani atasema. Akainamisha kichwa.

"Samahani. Ni wangu."

Wakamtoa kwenye foleni. Sisi sita tukashuka. Dakika ishirini zile nilisimama kwenye mawe meusi, pengwini wananipita miguuni kama kuku wa jirani, na sikuona chochote. Wenzangu walipiga picha. Nilipigwa moja, nimecheka ndani yake, na sijawahi kumwonyesha mtu.

Jioni nilikikuta kile kipande cha khanga juu ya mto wangu. Alikiokota kwenye pipa la takataka, akakifua, akakipiga pasi, akakikunja pembe nne. Hakuacha ujumbe. Mezani alinisogezea chumvi kama kawaida, na mimi nikaipokea kama kawaida, macho makavu. Tulipoagana bandarini aliniandikia namba yake.

Ungedhani nilirudi nyumbani nimepata adabu. Basi letu lilipata pancha Kahama, pale Nyasubi. Abiria wakashuka kununua mahindi, nami nikazunguka nyuma ya nyumba iliyokuwa ikijengwa, nikachota udongo, nikaufunga kwenye kile kitambaa safi.

Mama alinipokea mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akapokea fundo kwa mikono miwili. Akalifungua. Akachukua kidogo akausugua kwa kidole gumba kiganjani, akatema mate kidogo, akausugua tena, jinsi anavyofanya mwaloni. Hapo ndipo nilipokumbuka mama yangu ni nani. Ukimpelekea mchanga wa duara lolote, yaani shimo la dhahabu, kuanzia hapa hadi Ushirombo, atakutajia umetoka wapi.

"Huu wa Kahama," alisema.

Hakupandisha sauti. Aliufunga tena, akaketi kizingitini, akanionyesha nafasi pembeni yake.

"Na ule niliokupa?"

Nikamweleza yote, la koti na la kidole. Sikuweza kumwangalia, nilitazama miguu yake iliyochubuliwa na maji. Nilingoja anigombeze. Ningefurahi kugombezwa.

Alipangusa kidole gumba kwenye khanga yake. Kisha akauliza, "Yule mwenzako, mtoto wake alipata picha?"

"Hapana, mama."

"Hakupata."

"Hakupata."

Akakunjua kitambaa, akamwaga udongo wa Nyasubi barabarani, mbali na mlango wetu, akaosha mikono. Aliniambia nimpigie yule baba niombe radhi, na kwamba mpaka siku hiyo hatafagia pale mlangoni, maana kwake mimi bado sijarudi.

Namba ninayo. Ile picha yangu nikicheka na pengwini ninayo pia, na kila ninapofungua simu ili nimpigie, ndiyo inayotangulia kunitazama. Mama anafagia kila asubuhi, ukuta mpaka ukuta, na pale mlangoni anapaacha.