Uji wa Nasieku na Sukari Guru

Nakumbuka siku moja ya enzi za Wajerumani, mwanangu, na mpaka leo inaniuma. Nilikuwa msichana, pale kijijini kwetu Sekei. Dada yangu Nasieku alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, akatokwa na damu nyingi, akabaki amepauka, hana nguvu hata ya kumpakata.

Mama alimpikia uji wa ulezi kwa maziwa na sukari guru. Tuliipata kwa Bi Zuhura, mama aliyetoka Tanga, ambaye alichemsha maji ya miwa kando ya mto Themi mpaka yakaganda kuwa mabonge ya kahawia. Nasieku alikataa vyakula vyote ila uji huo. Tukaona macho yake yanaanza kuchangamka.

Ndipo mumewe akarudi kutoka Boma, ngome ya Wajerumani, alikokuwa akimpikia afisa mmoja. Alileta mkate na sukari nyeupe kama chumvi. Alipochungulia chungu alikunja uso.

“Mke wangu hatakula tope. Wakubwa wanakula hii.”

Mama hakuwa na desturi ya kubishana na mkwewe. Siku hiyo alisimama nje ya mlango, uso kaugeuza pembeni kwa heshima ya ukwe, akasema, “Baba, hiyo ni utamu mtupu. Sukari guru haijaondolewa kitu, na ulezi unamshibisha. Mwache kwanza apone.”

“Mimi nautaka uji,” Nasieku alisema kwa sauti ndogo.

Shemeji aliumwaga uwanjani, mbwa wakaulamba. Tangu hapo dada akawa anapewa chai na mkate. Alikuwa akivigusa tu, kisha anageukia ukutani. Mvua hazijaanza, tukamzika.

Baada ya maziko shemeji alikaa kizingitini, mtoto mapajani. Mwishowe akamwuliza mama, “Ule uji, mlikuwa mnaupikaje?” Mama akamweleza polepole. Hakumlaumu.

Sisemi sukari nyeupe ilimwua, mwanangu. Alikuwa mgonjwa sana. Lakini alinyimwa chakula pekee kilichompita kooni, kwa sababu ya rangi ya uji tu. Ukipika uji au maandazi, tia sukari guru, tena kidogo, maana nayo ni sukari. Usidharau chakula cha kwenu kwa kuwa haking'ai. Na mgonjwa akitaja anachokitaka, msikilize.

Mungu aibariki mikono yako jikoni, na wote utakaowalisha wainuke.