Kura Zangu Zilikwama Ndani ya Mpira

Wakati wa vita, barabara ya kupanda Fizi ilipofungwa, na mji wa Baraka, kando ya ziwa, ukajaa wakimbizi kama mimi, shirika moja la misaada lilituletea demokrasia ndani ya makopo. Kila wazo la wananchi lilikuwa na kopo lake. Kila familia ilipewa maharage matatu ya kupigia kura, yaliyopakwa rangi ya bluu ili tusiyapike. Ukishatia kura koponi, inabaki humo mpaka jambo litimizwe. Ndipo unarudishiwa.

Siku ya kwanza palikuwa na wazo moja tu la maana: mpira wa vijana. Sisi akina mama tulimimina yote humo, tukisema kijana anayecheza hatafuata bunduki.

Wiki iliyofuata jirani yangu akapendekeza bomba la maji mtaani. Roho iliniuma! Kila nilipotoka ziwani na bidoni mbili za maji, askari wa kizuizi cha njiani walininyang'anya moja, eti kodi ya usalama. Nyumbani watoto waligombania iliyobaki. Na kopo la bomba lilikaa tupu, kwa kuwa kura za mtaa mzima zilikuwa ndani ya mpira.

Nikamwendea rais wa komite iliyosimamia makopo, mzee aliyependa utaratibu kuliko bugali.

"Papa Prezida, unirudishie kura zangu."

"Mama, kura haitokake mpaka ballon ya vijana ifike."

"Na ballon itafika lini?"

"Njia iko ya kufungwa, mama. Uvumilie."

Nilivumilia weee, mwishowe hasira zikanipanda, nikawaita wenzangu. Tukakusanya mifuko ya plastiki, matambara na kamba za migomba, tukafuma mpira mkubwa kama kichwa cha mbuzi. Tukambwagia Papa Prezida mezani.

"Ballon imefika," nikasema.

Akaubonyeza. Akaunusa. Akautupa nje, na vijana wakaupiga mpaka vumbi likatanda.

"Basi," akasema kwa shingo upande, "ile jambo imetimia."

Tulipiga vigelegele. Maharage yakamwagwa, tukayakimbiza moja kwa moja kwenye kopo la bomba mpaka likafurika. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Papa Prezida akafunga kifuniko.

"Na hizi zitatoka lini?" mama mmoja akauliza.

"Bomba ikifika."

Tukatazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kufuma bomba. Jioni nilishuka ziwani na bidoni mbili, nikarudi na moja.