Shikamoo nusura ziturudishe kwenye bodaboda, Mikumi

Wakuu, mimi ni bibi mwenye wajukuu, kwa hiyo kabla hamjaandika chochote: marahaba.

Ninayoeleza yametokea hapa Mikumi, mtaani kwetu, asubuhi kweupe. Anayebisha aje, nitamtembeza njia nzima kwa miguu.

Mjukuu wangu Zuhura yuko darasa la pili. Alikuwa anapelekwa shule na bodaboda. Mishikaki! Watoto wamebanana nyuma ya dereva, wa mwisho karibu akalie taa. Moshi wote wao. Kikohozi hakiishi.

Nikamwambia mkwe wangu, mama yake Zuhura: "Shule yenyewe hapo tu, hata jasho hulitoi. Mtoto ana miguu na mimi ninayo. Tutatembea."

Akasema, "Sawa mama. Ila akiwa anachelewa, anarudi kwenye boda."

Jumatatu tukatoka. Majirani kuona vile, wakanikabidhi na wao watoto wao. Msururu mrefu, mimi mbele na fimbo yangu. Raha!

Sasa, kwenye adabu mimi sina mchezo. Nilishawaambia: hakuna kumpita mkubwa bila shikamoo, na kila mtoto kwa mdomo wake.

Nyie!

Wazee wa mtaa wetu asubuhi wote wako nje wanaota jua. Mtoto wa kwanza shikamoo, marahaba. Wa pili shikamoo, marahaba, wewe wa nani? Babu yako mguu umepona? Tukimaliza nyumba moja, ya pili bibi mwingine kashanyoosha shingo anasubiri zake.

Tulifika wenzetu wanatoka mstarini. Mwalimu wa zamu hakunifokea, mimi ni mkubwa kwake, ila jicho alilonipa nalijua mwenyewe.

Jumanne vilevile. Mkwe akasema, "Mama, kesho ndiyo mara ya mwisho."

Roho iliniuma, wakuu. Kufuta shikamoo siwezi. Kumrudisha Zuhura kwenye ule moshi pia siwezi.

Nikaenda kumlalamikia Mzee Mkude, mstaafu wa reli aliyehamia kwetu kutoka Kilosa. Akacheka mpaka kofia ikadondoka.

"Bi Mwanaidi, treni gani hiyo inasimama kila mlango? Weka stesheni!"

"Stesheni gani na wewe?"

"Sisi wazee ndio abiria. Tutaifuata wenyewe."

Nikazunguka nyumba kwa nyumba. Anayetaka shikamoo, asubuhi awe pale kwenye mashine ya kusaga. Asiyekuja asininung'unikie.

Jumatano nafika mashineni, wamejaa! Wengine na kanzu safi kama wanaenda harusini.

Watoto kwa pamoja: "Shikamooniii!"

Wazee: "Marahabaaa!"

Mara moja tu, kazi imekwisha.

Waliokuwa bado na maswali yao wakaamua kuuliza huku wanatembea, wakatusindikiza. Kufika barabara kuu ya Iringa, wazee wakainua fimbo na vitenge, malori yakasimama pande zote mbili. Dereva mmoja akatoa kichwa dirishani: "Shikamooni wazee wangu!"

Watoto, bila haya: "Marahabaaa!"

Nilipaswa kuwachapa. Nilicheka mpaka nikashikilia bega la Mzee Mkude.

Tukaingia shuleni kengele bado. Nageuka, kumbe mkwe wangu alikuwa anatufuata nyuma kimyakimya kuhakikisha. Akasema, "Haya mama, nimekubali. Boda basi."

Na juzi yule yule wa bodaboda kasimamisha pikipiki yake mashineni, akamshusha binti yake wa chekechea. "Bibi, na huyu ana miguu."

Nilichojifunza: mtoto hatembei kwa kuhubiriwa mazingira. Anatembea kama njia ina watu na ina furaha. Na sisi wakubwa tusikae tu nje kungoja, tuinuke tuwasindikize.

Kwenu wanaendaje shule? Semeni hapa chini. Anayetetea mishikaki pia aje, lakini aje na sababu.