Ufuo wa Kiwayu Uliofagiwa

Harufu ya Kiwayu niliipata nikiwa Mkomani, mtaani kwetu Lamu, kabla sijatia mguu kisiwani kwenyewe. Ilikuwa harufu ya mafuta ya kasa. Bibi yangu, mama yake baba, alinipaka kifuani kila nilipokohoa, mafuta mazito yenye shombo ambalo hata asumini ya kitanda kizima haikulifunika. Chupa ililetwa na watu wa Kiwayu, alikoolewa shangazi yangu. Nasema wazi kwamba tuliyatumia, na nyama ya kasa tulikula, maana siku hizi nikiwasikia watu wa rika langu wakiulizwa, kila mmoja amekuwa mlinzi wa kasa tangu anyonye. Mimi sikuwa. Nilikuwa mtoto wa kike wa mjini, nimesoma Kurani chuoni mpaka nikahitimu na shuleni mpaka darasa la tatu, na bahari nikiijua kwa kuichungulia mwisho wa kichochoro. Shangazi alipoolewa visiwani wanawake wa mtaani walisema sana, eti nyumba ya mawe imetoa binti kwenda kulala kwenye makuti. Hayo niyaache, wengi wao wametangulia mbele ya haki.

Shangazi alipokaribia kujifungua, mumewe, Bwana Shee, alikuja kutuchukua, bibi na mimi, tukamuuguze mzazi. Akakaa siku kadhaa kungoja chombo, na jioni alikaa barazani kutufundisha tunakokwenda. Hakufundisha kwa maringo, alikuwa na haja. Alituambia kwamba zamani za babake kasa walipanda ufuoni kutaga mpaka watu wakawachoka, lakini sasa mtu aweza kungoja msimu mzima asione hata mmoja, na mtoto anayezaliwa huenda akamjua kasa kwa jina tu. Ndipo akatupa masharti. Usiku tusitembee ufuoni na taa, kwani kasa akiona mwanga hurudi baharini na mayai yake tumboni. Akipanda, tusikate mbele yake. Na nyama ya kasa aitwaye ng'amba tusiile hata tukikaribishwa kwa heshima, kwa sababu wengine wana sumu na hakuna ajuaye kwa kutazama. Bibi alinisikiliza kila asubuhi kama anavyosikilizwa mtoto sura, nikikosea narudia. Yeye mwenyewe alikuwa na swali moja.

"Na choo kiko, Bwana Shee?"

"Kiko, mama."

"Cha kuta?"

"Cha makuti, mama. Lakini kina mlango."

Bibi akashusha pumzi, safari ikakubaliwa. Yenyewe nairuka, kwa sababu sikuiona. Nilitapika kutoka mkondo wa Mkanda mpaka kisiwa cha Ndau, tuliposhuka kunywa maji, na kutoka Ndau mpaka Kiwayu.

Tulipofika tukajua Bwana Shee ana jambo zito zaidi ya uzazi. Alikuwa na ubishi na jirani yake, Bwana Kombo, mtega malema, ile mitego ya samaki, mtu wa mzaha na mpenzi mkubwa wa mayai ya kasa. Kombo alisema mayai yakiachwa mchangani huliwa na kaa na kenge, na kinachobaki huchukuliwa na maji makuu ya bamvua, kwa hiyo kuyaacha ni israfu, na israfu ni dhambi. Wazee wengi walimwona ana hoja. Mwisho wake walikubaliana mbele ya watu msikitini: Shee aachiwe shimo moja la mayai kwenye ufuo ulio chini ya nyumba yake. Vikitoka vitoto, ufuo ule usiguswe tena. Visipotoka, Shee anyamaze, watu wachimbe kama kawaida. Na shida haikuwa Kombo, yeye alishatoa neno lake. Shida ilikuwa wavuvi wa kupita, waliotia nanga alfajiri na kuufuata mburuzo wa kasa mpaka kwenye mayai. Wale hawakumwahidi mtu kitu.

Siku nyingi zilipita pasipo kasa. Shangazi akajifungua mtoto wa kiume, salama, alhamdulillahi. Halafu asubuhi moja, kasa akiwa ameshapanda usiku na kurudi, Bwana Shee aliuona mburuzo wake akienda kuswali. Akaona akitoka msikitini akate vijiti, azungushie pale mahali, akae alinde mwenyewe.

Sasa bibi yangu. Mwanamke wa Mkomani akiamka mgeni kwenye nyumba ya watu hakai bure, hushika ufagio. Aliswali, akafagia uani, akafagia mbele ya nyumba, na kwa kuwa mbele ya nyumba na ufuo havikutengwa na ukuta, akaendelea. Akaona mchanga umeburutwaburutwa kana kwamba mtu amekokota gunia kupita mlangoni mwa mzazi. Akakasirika kidogo, akafagia wote, mpaka kwenye unyevu wa maji. Mimi nilikuwa nyuma yake naokota makapi. Masharti yote ya barazani niliyajua kwa moyo, na hakuna hata moja lililotaja ufagio.

Bwana Shee alirudi na vijiti vyake mkononi. Ufuo ulikuwa mweupe, una mistari ya chelewa za ufagio tu, kama ua wa siku ya Idi. Alisimama. Akatazama huku, akatazama kule. Yule ni mama mkwe wake, amevuka bahari kuja kumhudumia mkewe, na mkwe hakaripiwi.

"Kumetakata?" bibi akamuuliza.

"Kumetakata, mama. Mikono isikuume."

Kisha akaenda nyuma ya nyumba, nikamwona amekaa juu ya kinu, vijiti bado anavyo. Shangazi alipomweleza bibi alichofanya, bibi alikwenda ndani akajifunika kanga. Na jua halijakuwa kali wakaja watu wa chombo kimoja, wenye ndoo. Walitembea ufuo mzima kwenda na kurudi, macho chini. Mmoja akauliza kama usiku kasa alipanda. Kombo, aliyekuwa akitengeneza malema yake, akawajibu bila kuinua kichwa.

"Hapa pamefagiwa na mtu wa mji. Hata mimi sijui pangu ni wapi."

Wakacheka, wakaenda zao. Hapo ndipo Bwana Shee alipoinuka pale kwenye kinu. Kuanzia kesho yake, kila alfajiri, alishika ufagio yeye mwenyewe, na wanaume wenzake wakamwita Bi Harusi.

Tukangoja. Arobaini ya mzazi ikapita, bamvua likaja likapanda mpaka karibu na mlango, na Shee akaacha kula vizuri. Hakuna aliyejua mayai yako wapi, wala kama maji yameyafikia. Bibi alikataa kurudi Lamu. Alisema mtoto bado mchanga, lakini nilijua anangoja nini. Aliyeona wa kwanza ni Kombo, akienda kutazama malema yake kukipambazuka. Mchanga ulikuwa ukitokota. Angeweza kunyamaza, akawaacha kunguru wamalize, hakuna ambaye angejua. Akapaza sauti kumwita Shee na bibi waje.

"Shee, uya uwatazame wanao! Na mama aye na ufagio awafukuze kunguru!"

Bibi alitoka kweli na ufagio, kichwa wazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akasimama juu ya vile vitoto akipigapiga hewani mpaka cha mwisho kikaingia majini. Bwana Shee alilia mbele ya mama mkwe wake. Kombo alitimiza neno. Ufuo ule hakuugusa mpaka alipokufa. Mayai ya ufuo wa upande wa pili aliendelea kula, na alituletea tukayala.

Leo mjukuu wangu huwapeleka wageni Kiwayu. Wanafika wakiwa wamesoma kila kitu kwenye simu, wanazijua aina za kasa kuliko mimi, na kula mayai ni kosa la kushtakiwa. Ni vizuri. Sisi tulisomeshwa na mtu mmoja barazani, na bado tulikosea. Juzi mjukuu aliniuliza awaambie nini zaidi, nikamwambia awaambie kwamba kasa tuliwala, na kwamba walioacha waliacha ufuo mmoja kwanza.

"Bibi, hilo wageni hawapendi kulisikia."

"Waambie hivyo hivyo," nikamjibu. "Wasije wakadhani ilikuwa rahisi."