Friji Iliyokaguliwa na Landlady

Jumamosi, katika duka la vifaa vya umeme mjini Nakuru, nilimkuta mama mmoja amekuja kununua friji pamoja na landlady wake, mwenye nyumba anayopanga, aliyetaka kwanza kujua itakula stima kiasi gani. Wanatoka Karagita. Ploti yao ina mita moja ya stima kwa nyumba zote, ya landlady ikiwemo, na tokeni za stima zikiisha haraka, landlady hugonga kila mlango akiuliza nani amechomeka pasi.

"Ni ya insulini ya mtoto," mama akamwambia muuzaji polepole. "Saa hii insulini tunaiweka kwa chungu cha mchanga mbichi ipate baridi."

Landlady akainama, akagusa nyota za kibandiko cha friji moja moja kama anayekagua mayai. "Hizi ni za nini?"

"Zikiwa nyingi, inakula stima kidogo," muuzaji akajibu. "Hii iko na tano. Yako ya nyumbani iko na ngapi, mathe?"

Landlady akajifunga leso upya. "Hiyo niliikuta nikiolewa. Huwa inanguruma usiku kucha."

Muuzaji akapangusa vumbi juu ya ile friji ya nyota tano.

"Mpakie huyu yake," landlady akasema hatimaye. "Na mimi niwekee kama hiyo."

Mama akashusha pumzi, akaketi juu ya katoni. Wapangaji wa ploti ile, laleni salama: mla stima amepatikana, na hakuwa kwenu.